Joto Litapitia Wapi? Fizikia ya Kesho na Matuta ya Ukambani

Mkulima wa Kitui au Makueni anapoliangalia shamba jipya, swali lake la kwanza aghalabu si la mbegu wala la mbolea. Swali lake la kwanza ni hili: mvua ikija, maji yatapitia wapi? Sehemu hizo mbili za Ukambani zina miteremko mingi na udongo ulio mwepesi kubebwa. Mvua zake, hata zile za Oktoba hadi Desemba ambazo ndizo za kutumainiwa zaidi, huwa chache, lakini zijapo huja kwa kishindo. Maji yasiyoandaliwa njia hujitafutia yenyewe. Na njia hiyo mwaka huu ni ufa, mwaka ujao ni mfereji, na baada ya miaka michache ni korongo lililomeza nusu ya shamba.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la mkulima huyo, likibadilishwa neno moja tu, ndilo mojawapo ya maswali magumu kabisa yanayowakabili wanafizikia wa karne hii: joto litapitia wapi? Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa isimu wala si mwanafizikia, nakusudia kuonyesha jambo la pili ambalo kwangu ni zito vilevile, nalo ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kulielezea swali hilo, na kwamba baadhi ya maneno hayo yameshatumika kwa miaka mingi mashambani, mbele ya macho ya wanafunzi wetu, bila sisi walimu kuyaokota.

Hebu tuanze na jua. Jua linaloichoma Kibwezi na Mutomo mwezi wa Februari halichomi kuni wala makaa. Katika kitovu chake, ambamo joto hufikia nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi, viini vya haidrojeni hugongana na kuungana hata vikawa viini vya heliamu, na katika kuungana huko sehemu ndogo ya uzito wao hugeuka nishati. Hali hii wako wanaoiita myeyungano wa nyuklia. Mimi nitaiita muungano wa viini, kwa sababu neno muungano kila mwanafunzi analifahamu. Ni kinyume cha mpasuko wa viini, ambao ndio unaozalisha umeme katika vinu vyote vya nyuklia vinavyotoa umeme wa matumizi duniani leo.

Tangu miaka ya 1950 wataalamu wamejaribu kuuiga moto huo wa jua hapa duniani. Fueli yao ni aina mbili za haidrojeni: diuteriamu, ambayo hupatikana katika maji ya bahari, na tritiamu, ambayo huweza kutengenezwa kutokana na madini ya lithiamu. Lakini kwa kuwa hatuna ukubwa wa jua wala uzito wake wa kuvigandamiza viini hivyo, hatuna budi kuuzidi ukali wake. Joto linalohitajika ni kama nyuzi milioni 150, yaani mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Katika joto la namna hiyo gesi huwa si gesi tena. Elektroni huachana na viini, na kinachobaki huitwa plazima. Hakuna chungu wala chuma kiwezacho kuishika. Ndiyo sababu plazima hufungiwa ndani ya ngome isiyoonekana ya nguvu za sumaku, katika chumba cha duara chenye tundu katikati, mfano wa ngata ambayo akina mama huweka kichwani wanapojitwika mtungi.

Magazeti ya dunia yanapoandika juu ya kazi hii, mara nyingi husherehekea kuwaka kwa moto. Yaliandika juu ya mtambo wa JET wa Culham, Uingereza, ambao ulifanya kazi tangu 1983 hadi Desemba 2023, na ambao mnamo Oktoba 2023 ulitoa nishati ya megajouli 69 katika muda wa sekunde tano hivi. Yaliandika tena Februari 2025, wakati mtambo wa WEST wa Ufaransa ulipoishikilia plazima yake kwa zaidi ya dakika 22 bila kuzimika. Hayo ni mafanikio ya kweli na wanaostahili sifa wapewe. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kuchoma matofali anajua kwamba kuuwasha moto ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuutawala unapotoka. Tanuri lisilo na njia nzuri ya kupitishia joto hupasua matofali yake lenyewe.

Sasa tutazame joto hilo linatokaje. Diuteriamu na tritiamu zinapoungana, huzaliwa vitu viwili: nyutroni moja na kiini kimoja cha heliamu. Nyutroni huchukua asilimia 80 ya nishati. Kwa kuwa haina chaji ya umeme, sumaku haiwezi kuizuia. Hupenya na kutawanyika pande zote, na joto lake hupokewa na kuta nene zinazokizunguka chumba. Joto hilo ndilo litakalotumiwa kuchemsha maji, kuzungusha mitambo na kutoa umeme. Asilimia 20 inayobaki huchukuliwa na kiini cha heliamu. Hiki kina chaji, kwa hiyo hunaswa ndani ya ngome ya sumaku na kuipasha moto plazima. Hilo ni jema, maana ndilo linaloufanya moto ujiendeleze. Lakini joto hilo nalo haliwezi kukaa ndani milele. Mwishowe lazima litoke, na likitoka halitawanyiki pande zote kama nyutroni. Hufuata nyuzi za sumaku, likajikusanya pembezoni mwa plazima katika utando mwembamba mno. Kwa mitambo mikubwa, kuna makadirio yanayoupa utando huo unene wa milimita moja tu, na mengine yanayoupa milimita chache.

Hapa ndipo mkulima wetu angetikisa kichwa. Anajua kinachotokea maji ya mlima mzima yanapojikusanya katika mfereji wa upana wa mguu mmoja.

Nimependa mwanafunzi aone uzito wa jambo hili kwa hesabu ndogo ambayo hata wa shule ya msingi aweza kuifanya. Jua la saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, hulipiga kila eneo la mita moja ya mraba kwa nguvu ya kilowati 1 hivi. Sahani za chuma zitakazopokea joto linalotoka katika mtambo wa ITER, ambao nitaueleza punde, zimeundwa zistahimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba kwa muda mrefu, na hadi megawati 20 kwa muda mfupi. Megawati 10 ni kilowati 10,000. Kwa hiyo sahani hizo zitapigwa na joto sawa na majua elfu kumi ya mchana wa Kitui yaliyorundikwa mahali pamoja. Uso wa jua lenyewe hutoa megawati 63 hivi kwa kila mita ya mraba. Tofauti kati ya sahani hizo na uso wa jua, basi, si kubwa kama mtu angedhani; na katika mitambo ya baadaye, ambayo itakuwa na nguvu kuliko ITER, joto lisipotawaliwa laweza kuikaribia hata kuipita hesabu hiyo.

ITER ni mtambo unaojengwa kusini mwa Ufaransa, karibu na Cadarache, kwa ushirikiano wa Umoja wa Ulaya, Uchina, India, Japani, Korea Kusini, Marekani na Urusi. Mkataba wake ulitiwa sahihi Novemba 2006. Umekusudiwa kutoa megawati 500 za muungano wa viini kwa kuingiziwa megawati 50 za kuupasha moto. Kwa ratiba iliyotangazwa mwaka 2024, utafiti wake utaanza 2034, na kazi ya diuteriamu na tritiamu itaanza 2039.

Je, wataalamu wamefanyaje ili joto lisiziteketeze kuta? Wamefanya lile lile ambalo mkulima mwenye shamba chini ya kilima hulifanya. Huyo hachimbi matuta tu. Kwanza huchimba mfereji juu ya shamba lake, wa kuyanasa maji yatokayo mlimani na kuyachepusha pembeni kabla hayajaingia katika mimea. Lyman Spitzer wa Princeton, Marekani, alilibuni wazo hilo kwa plazima mwaka 1951: nyuzi za sumaku za pembezoni zipindwe, ili joto na taka zinazotoka ziongozwe hadi mahali maalumu mbali na plazima yenyewe. Mahali hapo pana kazi mbili. Hupokea joto, na hupokea heliamu, ambayo ndiyo majivu ya moto huu. Maana jiko lisiloondolewa majivu huzimika, liwe la mafiga matatu au la sumaku. Mwaka 1982, katika mtambo wa ASDEX wa Garching, Ujerumani, ambao ulikuwa umejengwa kwa namna hiyo, iligunduliwa kwamba mpango huo huweza hata kuifanya plazima iushike moto wake vizuri zaidi. Tangu hapo mitambo mingi mikubwa ya aina hii imekuwa na sehemu kama hiyo.

Tuiiteje sehemu hiyo kwa Kiswahili? Mtu angeweza kulitohoa jina lake la kigeni na kusema divata. Si kosa, lugha yetu imetohoa mengi na haikufa. Lakini mwanafunzi akisikia divata hajaambiwa chochote. Jina lenyewe la kigeni limetokana na kitenzi cha kupindisha njia, na Kiswahili kina kitenzi hicho tangu zamani: kuchepusha. Mfereji wa mkulima ni mfereji wa kuchepusha maji. Kwa nini chombo hiki kisiitwe kichepushi cha joto? Najua wanafunzi watacheka, kwa kuwa siku hizi mtaani mchepuko ni jina la mpenzi wa kando. Na wacheke. Neno lililochekesha darasa halisahauliki siku ya mtihani.

Wako watakaosema kwamba istilahi za sayansi haziwezi kutoka kwa watu wa jembe. Hao nawaomba walitazame neno moja: fanya juu. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona Ukambani kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Kazi ya matuta iliyofuata ilifanywa kwa kulazimishwa, na watu waliichukia. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 wakulima wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, walianza kuipokea namna ya tuta iliyowafaa: kuchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, na kuutupa udongo upande wa juu ili uwe ukuta wa kuzuia maji na udongo. Ukuta hupandwa nyasi za mifugo. Miaka ikipita, udongo hujikusanya nyuma yake na mteremko hugeuka ngazi. Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelea katika vikundi vya mwethya, ambamo akina mama walikuwa wengi, na tangu 1974 ikapata msaada wa mpango wa serikali ulioungwa mkono na Sweden. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichotoka mwaka 1994, kilionyesha kwamba nchi iliyodhaniwa inakufa ilikuwa na watu wengi zaidi na mmomonyoko mchache zaidi kuliko miaka sitini kabla yake.

Lakini linalonihusu mimi hapa ni jina. Udongo ukitupwa juu, ni fanya juu. Ukitupwa chini, ni fanya chini. Maneno hayo mawili, ya kuamrishana shambani, yameingia katika vitabu vya uhandisi wa udongo vilivyoandikwa kwa Kiingereza bila kutafsiriwa. Mtaalamu wa Ethiopia ambaye hajui salamu ya Kiswahili huandika fanya juu katika ripoti yake na wenzake wakamwelewa. Hakuna kamati iliyoketi kulibuni neno hilo. Lilizaliwa na kazi, likashikamana na kazi, na kazi ilipovuka mpaka, neno likavuka nayo. Kwa maoni yangu, hilo ni somo kubwa kwa sisi tunaoketi katika kamati.

Turudi kwenye joto. Mkulima aliyechimba mfereji wa kuchepusha maji anajua hatari yake: mfereji huokoa shamba, lakini hukusanya maji yote na kuyatoa mahali pamoja. Mahali hapo pasipoandaliwa, huzaliwa korongo jipya, pengine katika shamba la jirani. Kichepushi cha joto kina ila hiyo hiyo. Kinaiokoa plazima na kuta zake, kisha kinaelekeza joto lote kwenye ukanda mwembamba wa sahani. Tatizo halikuondoka, limehamishwa. Ndipo wataalamu walipotafuta tiba, na nikizipanga naziona ni nne, zote zikiwa na ndugu zao mashambani.

Tiba ya kwanza ni kutandaza. Maji yaliyokusanywa hayaachwi yatoke kwa mdomo mwembamba. Mdomo hupanuliwa ili yatambae. Wanafizikia nao huzipanua nyuzi za sumaku kabla hazijafika mwisho, na huzilaza sahani ili joto lizipige kwa mshazari. Kila mtu anajua kwamba jua la saa kumi na moja jioni halichomi kama la saa sita, na mojawapo ya sababu ni kwamba miale yake imelala na kutanda katika eneo kubwa.

Tiba ya pili ni kurefusha njia. Maji yakizungushwa kwa mteremko mdogo hupoteza kasi. Katika mtambo wa MAST Upgrade, ulioko Culham, Uingereza, njia ya joto imerefushwa na kupelekwa mbali kuelekea nje ya chumba. Matokeo ya kwanza, yaliyotangazwa Mei 2021, yalionyesha kwamba joto linalozifikia sahani lilipungua kwa angalau mara kumi kuliko njia ya kawaida.

Tiba ya tatu ndiyo iliyo nzuri kuliko zote kwa mtu anayependa mifano. Ni kulipunguza nguvu joto kabla halijafika. Gesi kidogo, kama vile neoni, naitrojeni au agoni, huingizwa karibu na kichepushi. Chembe za gesi hiyo hupokea joto na kulitoa tena kwa namna ya mwanga, na mwanga haufuati nyuzi za sumaku. Hutawanyika na kugusa kuta zote, kila mahali kidogo. Kinachofika kwenye sahani huwa kimepoa mno, na wakati mwingine plazima huzimika kabla ya kugusa chuma. Je, si hivyo hasa matuta yanavyofanya? Hakuna tuta moja linaloushinda mto. Ni mfululizo wa matuta, kila moja likichukua sehemu yake. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

Tiba ya nne ni kuiimarisha sakafu. Mwisho wa mfereji hupangwa mawe ili maji yasichimbe. Katika ITER mawe hayo ni tangisteni, metali ambayo haiyeyuki hadi nyuzi 3,422, na ambayo nyuma yake hupitishwa mabomba ya maji ya kupozea. Kichepushi chote kitaundwa kwa vipande 54, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani kumi hivi, ili kikichakaa kiweze kutolewa na kubadilishwa kwa mikono ya mashine.

Kila tiba ina gharama yake, na hapa ndipo penye mzozo wa wataalamu hadi leo. Gesi ikizidi, huingia ndani na kuudhoofisha moto ambao watu wamehangaika kuuwasha. Tangisteni ikimong'onyoka, chembe zake hupenya katika plazima na kuipoza. Tena kuna milipuko midogo ya ghafla ambayo hutoka katika kingo za plazima, na ambayo katika mtambo mkubwa huweza kuyeyusha uso wa sahani kwa kufumba na kufumbua. Mkulima anaielewa hatari ya namna hii vizuri: tuta halijengwi kwa mvua ya wastani. Hujengwa kwa ile mvua moja ya Novemba ambayo wazee wataitaja kwa miaka.

Mwalimu anayetumia mfano hana budi kusema pia mahali mfano unapokomea. Maji huteremka kwa uzito wake. Plazima haiteremki, hufuata sumaku. Maji ya mvua ni mali ya kuhifadhiwa, na ndiyo sababu Kitui na Makueni zimejaa mabwawa ya mchanga yanayoyaficha chini ya mito mikavu. Ilhali joto la kichepushi kwanza ni hatari ya kuepukwa, ingawa hilo nalo laweza kutumika baadaye. Mwanafunzi aliyefundishwa mfano bila mipaka yake ameongezewa kosa. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa istilahi bila mfano wowote hakufundishwa chochote.

La kusikitisha ni kwamba huyo wa pili ndiye tunayemzalisha kwa wingi. Mtoto wa Ukambani huanza shule kwa Kikamba, hukutana na Kiswahili mapema, kisha kuanzia Gredi ya 4 sayansi yote humjia kwa Kiingereza. Sisemi Kiingereza kiondolewe. Vitabu vingi vya fizikia vimo humo na atavihitaji. Nasema kwamba mtoto anayejua kwa macho yake mkondo, mteremko, kasi, mchepuko na mmomonyoko hufika darasani akaambiwa aanze upya, kana kwamba alikuwa hajui chochote. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Tungali tunauliza mazingira hayo yataelezwa kwa lugha gani. Katiba ya 2010 imekwisha kukipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kwa hiyo si kweli kwamba hatuna pa kuanzia.

Huenda msomaji akauliza: shule ambayo wanafunzi wake huenda mtoni kuchota maji kabla ya kipindi cha kwanza ina haja gani na plazima ya Ufaransa? Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kwa ndoto. Muungano wa viini hautawasha taa hata moja Kitui kesho wala keshokutwa. Lakini swali la joto halisubiri hadi hapo. Mtambo wowote unaotoa umeme kwa joto, uwe wa makaa ya mawe, wa nyuklia au wa mvuke wa ardhini, hutupa sehemu kubwa ya joto lake nje. Kinu cha nyuklia cha kawaida hutupa kadiri ya theluthi mbili. Wanafunzi waliowahi kutembelea Olkaria wameiona minara ya kupozea ikifuka. Walichokiona ni joto likitafuta pa kupitia.

Sasa tazama nyumbani. Makaa ya mawe yamo katika Bonde la Mui, Kitui, na mjadala wa kuyachimba umedumu miaka mingi; mwaka 2011 kampuni ya Fenxi ya Uchina ilichaguliwa kwa baadhi ya sehemu zake. Mtambo wa makaa uliokusudiwa kujengwa Lamu, kando ya bahari, ulifutiwa leseni ya mazingira Juni 2019. Kinu cha nyuklia kilipendekezwa Uyombo, Kilifi, kando ya bahari, wakazi wakakipinga. Baadaye mazungumzo yakaelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kwa nini kila mara kando ya maji mengi? Kwa sababu joto lazima lipitie mahali. Na iwapo siku moja mtu atakuja Mui na ramani ya mtambo wa kuchoma makaa papo hapo, swali la kwanza la mwananchi wa nchi kavu lapaswa kuwa: mtaupoza kwa maji gani, na maji hayo yakisha kupata moto mtayapeleka wapi? Mwananchi asiyeweza kuuliza swali hilo kwa lugha anayoimudu atapiga makofi mkutanoni, atatia sahihi, kisha atajua baadaye. Hapo ndipo suala la istilahi linapoacha kuwa la wanaisimu na kuwa la haki.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Kiswahili na wa fizikia, ambao katika shule nyingi hukaa chumba kimoja cha walimu bila kushirikiana lolote ila chai. Mvua za mwaka huu zikianza, watoeni wanafunzi nje wayatazame matuta yakifanya kazi. Waacheni waone mahali maji yanapokusanyika, yanapotandaa, yanapopunguzwa kasi na yanaposhinda. Kisha wawaandikie ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu, juu ya njia ya joto katika jiko la makaa, katika tanuri la matofali, na katika mtambo wa ITER. Mwalimu wa fizikia asahihishe hoja, mwalimu wa Kiswahili asahihishe maneno, na pale ambapo neno halipo, wanafunzi walitafute kwa wazazi wao kabla ya kulikimbilia kamusi.

Mtoto aliye Gredi ya 4 leo atakuwa kijana wa makamo ya kuajiriwa ifikapo 2039, wakati ITER inapotarajiwa kuanza kazi yake ya diuteriamu na tritiamu. Si lazima afanye kazi Cadarache. Yatosha awe mtu ambaye, popote atakapoonyeshwa moto mkubwa na kuambiwa kwamba ni maendeleo, atauliza kwa utulivu na kwa maneno yake mwenyewe swali ambalo mababu zake waliuliza kila msimu wa mvua ulipokaribia.